Ndege Yangu, Si Ndege Wangu

Jumamosi, 14 Juni 2025
Hili sijapata kumwambia mtu: naunda ndege. Ya kupanda watu. Mama alipokwenda kuolewa Nandagala, kule Ruangwa, alisema pale stendi ya Nachingwea, "Mwanangu Rahimu, ningekuwa na ndege ningekuja kila Ijumaa." Watu wote wakacheka. Mimi nikaenda maktaba ya shule.

Kitabu kinaeleza ndege za kujiundia nyumbani. Vipande huja kwenye masanduku kutoka ng'ambo, unaviunga mwenyewe. Masanduku hayafiki Nachingwea. Nitachonga vya kwangu kwa mianzi. Kuna ya kiti kimoja, rahisi. Kuna ya viti viwili, ngumu mno. Nimewaza siku nzima.

Viwili!

Jumapili, 15 Juni
Kitabu kinasema waundaji huanza na mkia. Nimeanza na mkia. Unapendeza! Injini nayo nimeshaiona: ya mashine ya Mjomba Mohamedi ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Nimemwomba kwa adabu. Kasema nikiigusa msimu huu, mikorosho nitaipuliza kwa mdomo. Hakukataa moja kwa moja.

Jumatatu, 16 Juni
Rashidy, mtoto wa Mjomba, kauona mkia. Kauliza kama ni mtego wa panya. Anajua kuendesha pikipiki, basi anajiona! Nahitaji mahali pa siri. Nimemwomba Bibi lile banda la ufuta, niweke ndege yangu. Bibi Kiswahili alikikuta ukubwani, na akiguswa na jambo hurudi kwenye Kimwera. Akauliza ninao wangapi. Nikasema moja tu, na kwa sasa ina mkia peke yake. Akashika kifua. Akauliza kwingine kumeliwa na nani.

Rashidy alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 18 Juni
Balaa! Bandani mna kanga. Bibi kawaomba kwa jirani ili nisivunjike moyo. Wanadonoa mkia. Mmoja anaulalia, nadhani anataka kutaga. Nilisema ndege YANGU! Ngeli niliipatanisha sawasawa. Bibi hana habari na ngeli. Tena kampigia Mama simu kwamba Rahimu sasa ni mfugaji, na Mama kasema Ijumaa anakuja kuona.

Anakuja!

Nimefagia banda. Nimemwogesha kanga mmoja. Hakupenda.

Ijumaa, 20 Juni
Mama kaja na basi la asubuhi, kabeba kanga jike kwenye tenga. Kanenepa kidogo. Ananukia sabuni nyingine, si ile yetu. Nilikuwa nimepanga kumwambia nimemkumbuka. Nikamwambia kanga hupenda mchwa.

Baadaye nikajikaza, nikamwonesha mkia. Nikamweleza ndege yenyewe itakuwa ya viti viwili. Akauliza kiti cha pili cha nani. Nikawatazama kanga. Rashidy akadakia, "Cha hao hao, Shangazi!" Mama hakucheka. Aliushika mkia taratibu, kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, akampapasa kanga aliyekuwa juu yake.

Nikamsindikiza stendi. Akanitia nauli kiganjani, akavifumba vidole vyangu kimoja kimoja. "Basi lipo kila siku, baba. We panda tu, uje."

Nikaitikia kwa kichwa. 

Jumamosi, 21 Juni
Nimeamka mapema, nimevaa shati langu la Idi, nimekwenda stendi. Basi la Ruangwa lilikuwepo. Konda kaniuliza kama napanda au nasindikiza. Nimefikiri. Mtu kufika kwa mama yake na basi, kama mgeni yeyote, ameshika mfuko wa plastiki! Na Mama alisema ndege. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Basi limeondoka. Nimevuka barabara hadi dukani kwa Dastani, nimenunua gundi ya mbao kwa nauli yote. Nimerudi bandani, nimewasogeza kanga, na jioni nimegundisha ubavu wa kwanza wa bawa la kulia. Upande atakaokaa Mama.