Punje za Plastiki na Gitaa la Bibi Petronila

Jumatatu, 4 Agosti
Mzigo umefika! Punje nyeupe za plastiki, mfuko mzima. Zitie kwenye maji ya moto, zinalainika kama unga uliokandwa. Zikipoa, ngumu kama mfupa. Abundio, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara na fundi wa magitaa kama mimi, huchonga kibao cha mti kwa kila gitaa ili kibano cha kushikiza gundi kikae vizuri kwenye mbavu za ndani, vile vijiti vinavyotegemeza kifua cha gitaa. Huchonga siku nzima, halafu hujisifu wiki nzima. Mimi nitafinyanga kwa dakika chache. Mji mzima wa Paracho utajua fundi ni nani.

Mchana nikamwona Bibi Petronila akienda kwa Abundio na gitaa la marehemu mumewe. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limebanduka. Jumamosi anamwimbia mjukuu wake harusini. Nikamkimbilia. Nikamwambia Abundio ana mafua mabaya, ya kuambukiza. Akanipa gitaa. Uongo mdogo tu.

Jumanne, 5 Agosti
Majaribio. Nimetumia sufuria ambayo mke wangu, Eduviges, hupikia tamale, maandazi ya mahindi ya mvuke. Nimefinyanga umbo la kidole gumba changu, hadi mikunjo inaonekana! Eduviges akauliza ni uchafu gani huo. Nikamjibu ni sayansi. Akasema sayansi inunue sufuria yake.

Jioni shemeji alitafuna tamale, akatoa punje mdomoni, akadhani ni jino. Alilia kabisa. Nikaificha punje mfukoni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeingiza donge la moto kupitia tundu la gitaa, nikalikandamiza kwenye mbavu. Limekaa barabara. Mno! Limepenya chini ya mbavu, likapoa, likashika. Halitoki. Nimevuta, nimesukuma, nimeomba watakatifu watatu. Nikagonga kifua cha gitaa: linalia kama debe la mahindi.

Karatasi ya maelekezo ina picha ya chupa ya mafuta. Nilidhani ni tangazo, kumbe ni ya kupaka kwanza ili plastiki isishike.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimejaribu kikausha nywele cha Eduviges. Plastiki haikujali. Ubavu mmoja wa gitaa ndio uliobanduka. Mungu wangu!

Na nani akaingia wakati huohuo? Bibi Petronila. Nikalifunika gitaa kwa aproni, nikasema linapumzika. Akasema hata kuhusu mumewe walimwambia anapumzika, na mumewe hakuamka. Nikacheka peke yangu. Akaketi, akaweka mkono juu ya aproni, akaanza kuimba polepole wimbo aliochumbiwa nao. Akaniambia hajawahi kuuimba bila gitaa lile, na hajui kama sauti itakuja. Alipoondoka nilishindwa hata kushika patasi.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi na mapema nimevuka barabara na gitaa chini ya blanketi. Nilijiandalia maneno. Yote yakapotea. Nikasema tu: "Abundio, ndugu yangu, nimeharibu."

Akachungulia tunduni kwa kioo. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza nani amemzushia mafua, maana tangu Jumatatu majirani wanamletea chai ya mdalasini, na mkewe amemhamishia banda la mbuzi. Nikatazama dari.

Lakini hakunifukuza. Akajaza maji ya moto kwenye mfuko wa mpira, akaulaza ndani ya gitaa juu ya donge. Tukasubiri. Plastiki ikageuka angavu kama kioo, ikalainika, akaimenya taratibu kama ganda la chungwa. Tukaubandika ubavu kwa gundi. Nikatarajia sasa atatoa kibao chake. Hakutoa! Akafunika mbavu kwa nailoni, akachukua donge langu lilelile, akalikandamiza, likapoa, likatoka bila shida. Akalirudisha, tukabana daraja juu yake.

"Kitu chako kizuri, Nicandro," akasema. "Kinachokusumbua ni haraka."

Nikamfagilia karakana.

Jumamosi, 9 Agosti
Gundi imekauka. Nyuzi tumefunga mchana. Harusini Bibi Petronila alishika gitaa kama mtu anayeshika mkono wa mtu. Sauti ikaja. Bwana harusi alilia, mkwe wake alilia, mimi nililia kwenye mkono wa shati la Abundio. Watu walipouliza nani aliyelitengeneza, Abundio alisema: "Nicandro na mimi." Jina langu kwanza!

Jumapili, 10 Agosti
Sijalala kwa kuwaza. Jana mpiga tarumbeta, Crisóforo, alilalamika kwamba meno yake ya bandia yanacheza na yanamharibia noti za juu. Nikamtazama fizi. Mbona ni kama mbavu za gitaa tu!

Nimemwambia aachane na daktari wa meno. Kesho anakuja kufungua mdomo, maji yatakuwa yameshachemka. Sioni kinachoweza kuharibika.