Chaza wa Kasulu na Paa la Mratibu

Wananchi wote wa Kasulu walitangaziwa, kwa kipaza sauti na mabango manne, kwamba mji umepokea chaza. Chaza jitu hai wa baharini, mwenye magamba mawili na midomo ya buluu, ndani ya sanduku la kioo, pamoja na mapipa matatu ya maji ya chumvi ya akiba. Alikuwa zawadi ya mtaalamu wa kigeni kwa Ofisi ya Uratibu wa Viumbe. Bahari ilikuwa mbali, siku kadhaa kwa treni na lori, lakini maendeleo hayaulizi umbali.

Mratibu, Ndugu Kipriani, alitoa waraka: chaza ni mgeni wa serikali, hatatoka ofisini, na akifa, mlezi wake atahamishiwa porini siku hiyo hiyo. Mlezi akateuliwa Veronica, mkunga wa zahanati ya jirani, kwa kuwa amezoea kulea wasioweza kusema.

Maskini Veronica alikuwa amefika ofisini kwa jambo jingine kabisa. Mvua zilikaribia, na chumba chake cha wazazi hakikuwa na paa. Mwaka mzima aliomba mabati. Mwaka mzima aliambiwa kamati inakaa. Mvua ikinyesha, wajawazito walitembea hadi hospitali ya Kabanga, na wawili walishajifungulia njiani. Jambo hilo lilimuuma sana.

"Mabati baadaye, dada," alisema Mratibu. "Kwanza mgeni ale."

Na kweli, kwa Waha, wenyeji wa Kasulu, mgeni halali njaa. Kamati ya Lishe ilikaa siku mbili, ikaidhinisha maharage na ugali wa muhogo. Mjumbe Hatungimana akapendekeza pombe ya ndizi kidogo, kuondoa uchovu wa safari. Ikapita bila kupingwa.

Kufika Jumatano maji yamekuwa uji na chaza amejifunga. Kamati ikaandika: "Mgeni ameshiba, anapumzika." Veronica alishikwa na hofu. Akihamishwa yeye, nani atawapokea watoto wa watu?

Akakimbilia dukani kwa mzee Tamimu, mwuza chumvi, mzaliwa wa Pangani, pwani.

"Shikamoo, mzee. Chaza anakula nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani mmempa nini?"

"Maharage."

"Lahaula! Huyo anakula jua! Ana vijimea mwilini vinavyompikia kwa mwanga. Chakula kingine anakichuja mwenyewe majini, hata hukioni. Badilisheni maji, mwekeni juani, basi mwacheni!"

Veronica akaandika taarifa ya kweli tupu: chaza hahitaji ugali, anahitaji jua la utosini. Ofisini jua haliingii, kwa sababu kuna paa.

Kamati ya Mwanga ikaketi. Karabai ilijaribiwa, haikufua dafu. Kumtoa chaza nje kulikatazwa na waraka. Kuufuta waraka kulihitaji mwenyekiti wa kamati zote, naye alikuwa Kibondo akisuluhisha mgogoro wa viti. Basi likabaki jambo moja la busara: ofisi ivuliwe paa. Ndugu Kipriani akatia sahihi kwa wino mwekundu, akaongeza kifungu chake: kitu chochote kisikae kati ya chaza na mbingu, isipokuwa kifuniko chake cha kioo.

"Na mabati haya?" aliuliza Veronica.

"Yametobolewa na misumari. Stoo haipokei kilichotobolewa. Yatupwe leo."

"Niyatupe wapi?"

"Popote, dada! Usinisumbue, namkagua mgeni."

Akayatupa juu ya chumba cha wazazi, moja baada ya jingine, fundi akigongomelea na kuziba matundu kwa lami.

Maji yakabadilishwa, jua likampiga chaza, naye akafunua midomo yake ya buluu. Mratibu akapiga naye picha.

Wiki iliyofuata ikaja mvua ya Kasulu, ile isiyobisha hodi. Chaza, chini ya kifuniko chake, hakuwa na habari. Ndugu Kipriani alitoka mbio, majalada kifuani, akagonga mlango wa wazazi huku akichuruzika maji. Ndani mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Fungua, dada! Hii ni amri ya ofisi!"

"Pole sana, Ndugu Mratibu," Veronica alijibu dirishani. "Humu mwanamume haingii. Ila upenuni pana nafasi, nyuma ya huyo mbuzi aliyeletwa zawadi kwa mama Asia, aliyejifungua leo."

"Basi msogeze mbuzi nikae mbele!"

"Haiwezekani, Ndugu. Mbuzi ametangulia."

Ndugu Kipriani akapanga foleni.