Kushika Si Kutazama

Jumatatu, 3 Machi
Tajiri ametangaza. Ijumaa atachagua mkuu wa madereva hapa kiwanda cha mikate. Tumebaki wawili: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye wote tunamwita Kobe kwa mwendo wake. Cheo ni changu. Kobe hata honi anaipiga kama anaomba radhi.

Jumanne, 4 Machi
Kibandiko kipya kwenye kila gari: USISHIKE SIMU UKIENDESHA. Kobe kaandika kwenye kundi la madereva kwamba anaunga mkono. Mnafiki! Nikamjibu kushika ni kazi ya mkono. Jicho halishiki kitu. Akasema, shemeji, endesha kwanza, utabishana ukifika. Nimwachie neno la mwisho? Mimi? Nilipoinua macho nilikuwa nimekwangua nguzo ya taa. Nguzo ile imesimikwa vibaya.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana. Simu nimeifunga katikati ya usukani kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Mimi naongea, yenyewe inaandika na kutuma. Sishiki chochote. Mke wangu kasema nitaua mtu. Ukoo mzima waoga, toka babu yao.

Alhamisi, 6 Machi
Hitilafu ndogo. Usukani ukikata kona, maandishi yanapinduka. Kobe alikuwa ameandika hoja ndefu, ya kuudhi. Nikapinda shingo nimsome. Kona ikaisha, mimi bado niko mstari wa pili. Gari likaingia ukuta wa kiwanda, pale pale Tajiri anapokunywa chai. Bahati, alikuwa ameinuka kufuata sukari. Kiti hakitambuliki.

Simu, mwaminifu, ikaandika: "Mama yangu breki breki nakufa." Ikatuma kwenye kundi. Tajiri yumo.

Kobe akauliza kama niko mzima. Dharau iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Kobe ndiye mkuu. Tajiri alitaka kunifukuza. Kobe akampigia magoti kwa ajili yangu. Sasa nasukuma mkokoteni wa mikate hadi duka la chini ya mteremko. Tajiri akaniuliza kama nimepata funzo. Nikasema kubwa sana.

Nimelichambua kosa bila upendeleo. Tatizo lilikuwa usukani: unazunguka. Mkokoteni hauna usukani. Simu nimeshaifunga kwenye mpini, na maandishi yamenyooka kama rula.

Kesho, kwenye mteremko, Kobe atanijibu vizuri kuhusu neno "kushika".