Uzoefu Wangu na Tembo

Jumatatu, 16 Juni 2025. Korogwe.
Nimepata njia ya kutoka. Kituo kimoja huko Thailand kinatafuta watu wa kujitolea kulea tembo, miezi mitatu. Nauli ya ndege wanalipa wao. Kazi yenyewe ni kuwaogesha mtoni na kuwalisha ndizi. Fomu inataka picha ukiwa na tembo, barua ya uthibitisho, na maelezo ya uzoefu. Uzoefu wangu na tembo ni yule aliyechorwa kwenye noti ya elfu kumi, na hata yeye hatuonani mara kwa mara.

Dunstan, anayeuza kava za simu meza ya pili kutoka yangu hapa stendi, naye anaomba. Amejaza kwamba amelea wanyama wakubwa tangu utotoni. Ni ng'ombe wawili wa mama yake kule Dindira. Mmoja ni ndama.

Jumanne, 17 Juni. Handeni.
Nimekumbuka kwamba shangazi Zuena, dada yake marehemu baba, hulalamikia tembo kila msimu wa mahindi. Miaka minne sijamtembelea. Nimeshuka Handeni mjini, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwake, nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kumsaidia kulinda shamba. Akajifuta macho kwa pindo la khanga, akasema baba yangu angefurahi. Amechinja kuku. Nimeona aibu muda wote wa kula. Nimekula mapaja yote mawili.

Alhamisi, 19 Juni.
Tembo hapendi pilipili. Kwa hiyo unaitwanga, unaichanganya na oili chafu ya magari, unapaka kwenye matambara na kuyatundika kwenye kamba inayozunguka shamba. Shangazi alinionya nisijiguse usoni. Onyo hilo nimelikumbuka kidole kikiwa jichoni tayari. Mchana kutwa uso wangu umekaa ndani ya beseni. Mtendaji wa kijiji, mama Grasiana, alipita, akaona machozi yalivyonitoka, akamuuliza shangazi nani kafariki.

Ijumaa, 20 Juni.
Tatizo: pilipili inafanya kazi. Siku tatu niko hapa, hakuna tembo, hakuna picha. Jioni hii nimefungua fundo moja la kamba upande wa korongo. Kidogo tu, apate pa kupita.

Jumamosi, 21 Juni.
Saa moja asubuhi amekuja. Dume mwenye pembe moja, shangazi anamfahamu kwa miaka. Simu nilikuwa nimeiegesha kwenye panda ya mti, ipige picha yenyewe. Nikasimama nimempa tembo mgongo, nikatabasamu. Nilidhani mnyama wa ukubwa ule huja kwa kishindo. Hana kishindo. Nilisikia pumzi tu, karibu mno.

Sijui nilifikaje chini ya ghala la mahindi.

Shangazi akatoka na debe na mwiko, akaenda kumkabili, akigonga na kumsema kwa Kizigua kama mtu anayemsema mtoto wake mlevi mbele ya majirani. Yule dume akapepea masikio, akang'oa mabua mengine mawili kama anayemalizia sentensi yake, akaondoka. Mistari sita ya mahindi imelala.

Shangazi akakagua kamba. Kisha akainama, akanitazama kule chini.

"Fundo nililofunga mimi halijifungui, Mustapha," alisema. "Toka uje tufunge upya."

Tumefunga hadi adhuhuri. Ningeona nafuu angenichapa.

Simu ilipiga picha moja safi kabisa. Shangazi na debe lake, tembo mbele yake. Mimi nimo pia: ndala moja ya bluu, pembeni.

Jumatatu, 23 Juni.
Nimekwenda kwa mama Grasiana kuomba barua. Nilimwomba aandike kwamba nina ujuzi mkubwa wa kukabiliana na tembo. Akasema muhuri wa serikali haupigwi juu ya jambo ambalo halikutokea. Ameandika: "Nathibitisha kwamba Mustapha Mhina alikuwepo." Nimetuma hivyo hivyo. Chini ya picha nimeeleza kwamba huyo mama ni msaidizi wangu.

Jumapili, 29 Juni.
Wamejibu. Wanamtaka msaidizi.

Wameandika kwamba hawajawahi kuona mtu aliyesimama mbele ya tembo namna ile, na wanauliza kwa adabu kama naweza kumruhusu kwa miezi mitatu. Dunstan amekataliwa, hiyo imenifariji dakika tano. Nilifikiria kuwajibu kwamba msaidizi ana kizunguzungu cha ndege. Nikaanza hata kuandika. Shangazi akaja na chai na mihogo ya kuchemsha, akauliza mbona sili. Nikamwambia yote. Fomu, fundo, msaidizi.

Nilingoja hasira. Aliuliza kwanza kama huko kuna ugali. Halafu akakaa kitako.

"Tangu nina akili zangu nawafukuza tu," alisema. "Nataka siku moja nimguse mmoja."

Nikauliza shamba ataliacha na nani. Akanitazama mpaka nikaelewa.

Jumatano, 3 Septemba.
Pasipoti imetoka, mahindi yako ghalani, shambani imebaki mihogo. Shangazi amepanda basi la Dar asubuhi, kavaa khanga mpya na sweta alilopewa na mama Grasiana kwa ajili ya baridi ya ndegeni. Maagizo yake ni mihogo, mihogo, mihogo: matambara yapakwe kila baada ya siku tatu. Nililia pale stendi. Safari hii bila pilipili. Akanishika kichwa, akasema anajua nitaweza. Sijui nani kamwambia.

Jumapili, 21 Septemba.
Amepiga simu ya video. Yuko mtoni, maji magotini, anamsugua tembo jike nyuma ya sikio na kumnong'oneza Kizigua. Tembo amefumba macho. Vijana wa Kizungu wamesimama nyuma wakiandika anayoyasema. Shangazi alisahau kwamba yuko kwenye simu. Sikukata. Nimemtazama hadi bando likaisha.

Alhamisi, 25 Septemba.
Wazo kubwa! Kwa nini nitwange pilipili peke yangu wakati dunia imejaa watu wanaotaka kujitolea? Leo nimekaa chini ya ghala tangu asubuhi nikiandika tangazo: Njoo Handeni, ulee tembo, pilipili na beseni utapewa. Matambara yalitakiwa kupakwa juzi. Nimeinua kichwa, yule dume yumo shambani, na matuta mawili ya mihogo hayapo.

Jioni shangazi ameomba picha ya mihogo yake, ameikumbuka. Nimekwenda kwa jirani, Maryamu, nikapiga ya kwake, nikatuma. Amejibu kwamba imependeza sana, na kwamba nimsalimie Maryamu.

Hajagundua kitu. Kesho nitaipiga kwa upande wa pili.