Wavu wa Keki

Jumatatu, 4 Mei
Laptopu imezima tena. Bibi harusi alikuwa anakaribia mlango wa ukumbi, mara giza. Tangu wiki iliyopita naihariri video yake na binti wa watu hajaingia. Mashine inachoma mapaja. Nimegundua kosa: naiweka kitandani, blanketi linaziba matundu ya chini, hewa haipiti. Inatakiwa kuinuliwa. Kumbe nina akili.

Jumanne, 5 Mei
Jikoni kuna wavu wa chuma ambao mke wangu hupozea keki za wateja. Una vimiguu, hewa inapita chini kwa raha zake. Nimeuazima kimyakimya. Laptopu imetulia tuli! Bibi harusi ameingia na kuketi.

Jumatano, 6 Mei
Mke wangu ameuliza kama nimeuona wavu. Nikasema sijauona. Sijui kwa nini, ulimi uliteleza tu. Keki imepoa kwenye sahani, chini imelowa chapachapa, na mteja kaikataa. Mke wangu akampigia dada yake, akamwambia arudishe wavu alioazima. Shemeji akasema alisharudisha zamani. Wakatukanana, wakakatiana simu. Mimi nilikuwa chumbani, wavu uko chini ya laptopu.

Alhamisi, 7 Mei
Hawajasemezana. Mke wangu anaishika simu, anaiweka. Wale ni chanda na pete, na nimewagombanisha mimi. Naona aibu.
Niseme kweli? Hapana. Nina mpango. Nimeuangusha wavu nyuma ya pipa la unga, uonekane ulidondoka wenyewe.

Ijumaa, 8 Mei
Ameupata. Akafurahi, akaenda kuuosha. Mimi nikaanza kupiga mluzi.
Chakula cha jioni kikaja. Pembeni mwa sahani yangu, vipande vinne vya mpira mweusi. Miguu ya laptopu! Gundi ililainika kwa joto, ikanata kwenye wavu, na mimi sikutazama. Mke wangu hakufoka. Aliuliza tu kama vinatosha au aniongeze. Kisha akampigia dada yake, akanishikisha simu. Nikaomba radhi kwa kinywa changu. Shemeji hakunitukana, alicheka mpaka akakohoa. Heri angenitukana. Sina pa kuuweka uso wangu. Nimeapa: cha mtu sigusi tena.

Jumamosi, 9 Mei
Laptopu haina miguu, imelala bapa mezani, inachoma kuliko mwanzo. Bibi harusi amekwama amefumba macho. Mke wangu amekwenda kwa dada yake, wamepatana, Mungu mkubwa. Nimebaki peke yangu na kichanja cha vyombo.
Kina miguu mirefu kweli. Tena nimekagua, hakinati.
Vyombo nimevilaza kwenye taulo. Naona haya, lakini kidogo. Mke wangu akikiulizia, nitamkumbusha tu jinsi dada yake anavyokisifia.