Bibie Anauzwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimetimiza miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku nne tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili, ya pili kwa kalenda. Na leo nimekata shauri. Narudi! Nauza gari, nanunua tiketi, kwisha maneno.

Dada yangu mkubwa alipiga simu asubuhi. Amenitengea chumba cha nyuma, kile cha marehemu baba, chenye dirisha linaloangalia kisima. Ila kuna mwalimu anakililia akipange. Nisipofika kufikia mwisho wa mwezi, atampa. Nikamwambia asimpe hata ruhusa ya kuchungulia. Akauliza kama nina nauli. Nikamjibu nauli imeegeshwa nje, ina magurudumu manne. Akasema, haya, mdogo wangu.

Gari ni jeupe, lina miaka kumi na tisa, naliita Bibie. Lina kasoro tatu. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka kwa nje tu. Rejeta huchemka vilimani. Gia ya rivasi huingia ikipenda. Mambo madogo! Mnunuzi hana haja ya kujazwa mambo madogo kichwani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jirani wa chini, mstaafu wa posta, naye anauza gari lake. Wiki hii hii! Ana macho ya kuiga, yule.

Sikumwomba ushauri lakini alinipa, pale ngazini, akiwa ameshika ndoo. Alisema nioshe gari ndani na nje. Nipige picha mchana, pande zote. Niweke kadi ya gari na risiti za fundi kwenye bahasha moja. Mtu akija nimwachie aendeshe mwenyewe. Na kasoro nizitaje mapema, kabla hajaziona. Nikamshukuru kwa adabu. Mtu aliyepiga mihuri miaka arobaini atanifundisha nini kuhusu biashara?

Nimeliona tangazo lake. “Gari linauzwa. Breki mpya. Redio mbovu.” Redio mbovu! Umesikia wapi mtu akajitangazia ubovu?

Langu nimeliandika kwa mkono, wino wa buluu, rasimu sita:

“BIBIE ANAUZWA. Ana umri lakini hachoki. Maisha yake yote ameishi na mwanamume mmoja tu. Mtulivu, hanywi sana, asubuhi anawaka kwa kuguswa mara moja. Sababu ya kuuzwa: mwenyewe anasafiri.”

Upatanisho wa kisarufi hauna dosari. Kitu kikishapewa jina la mtu huchukua a-, si li-. Siku hizi nani anajali hayo? Neno “gari” nimeliacha kwa makusudi, tangazo zuri humwachia msomaji kazi kidogo. Picha sikuweka. Picha huua fikra.

Nimeweka namba ya simu chini, nikalibandika zahanati, maktaba, na kwenye ukumbi wa chama cha wastaafu. Nilirudi maktaba mara mbili kulisoma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Simu kumi na moja kabla ya saa sita mchana! Kumi na moja! Jirani kapata mbili.

Wa kwanza aliuliza kama Bibie anapika. Nikamwambia kupika hapana, ila huchemka kwenye vilima, ukimwagia maji hutulia. Akakata simu. Wa pili, mzee mwenye kikohozi, alitaka kujua ana watoto wangapi. Nikasema nyuma wanaenea watatu, wanne wakibanana. Wa tatu aliuliza kama ndugu zake wamekubali. Nikamjibu ndugu zake walishuka melini pamoja naye wakatawanyika, habari zao sina. Huyo alilia. Nakiri sikutegemea mteja wa kulia, lakini ndiyo nguvu ya kalamu.

Jioni nilimwona jirani anasugua magurudumu kwa mswaki. Nikampungia mkono kwa huruma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya ajabu.

Saa nne mlango uligongwa kama wa mwizi. Mama Mwenyekiti wa chama cha wastaafu, na wanawake watatu nyuma yake, mmoja ana mwavuli na mvua haipo. Wateja wanne kwa mpigo! Nikawakaribisha ndani. Hawakutaka kuketi. Mama Mwenyekiti aliuliza Bibie yuko wapi. Nikasema yuko nje, juani, tangu juzi. Mwenye mwavuli akasema “Mungu wangu.” Mama Mwenyekiti akauliza anakula nini huko nje. Nikasema tangu Jumapili sijamtia kitu, ila nikimtia anakwenda hadi mjini na kurudi. Hapo mwavuli ulipanda juu.

Nikawashusha chini haraka, nikawaonyesha. Huyo hapo. Mpapaseni, hana neno.

Walilitazama gari. Wakanitazama mimi. Wakalitazama gari tena. Mwenye mwavuli alikaa kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka akavuliwa viatu apate pumzi. Mama Mwenyekiti hakucheka. Alisema usiku mzima hajalala akitunga barua ya kunishtaki polisi, na kwamba mtu mzima na mvi zangu nimekosa neno moja tu la herufi nne. Nikamweleza kanuni ya upatanisho. Akaniambia, “Babu, kanuni peleka darasani. Hapa andika gari!”

Jirani alikuwa dirishani muda wote. Aliniuliza Bibie hajambo.

Lake limeuzwa jana, saa moja tu baada ya mtu kufika. Mnunuzi alisema redio mbovu haimsumbui, yeye ni kiziwi wa sikio moja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimewaza vizuri. Kosa halikuwa tangazo. Kosa lilikuwa ukosefu wa ushindani! Mtu hukitamani kinachogombewa.

Mpango: Jumatatu anakuja muuguzi wa zahanati. Yeye ndiye mtu pekee aliyesoma tangazo akafahamu kwamba ni gari. Alisema kwenye simu baba yake naye alikuwa na pikipiki aliyoiita Shemeji. Sasa, atakapofika, atamkuta kinyozi wangu anapigania gari lile lile. Kinyozi amekubali. Ameuliza tu kama avae tai. Nimemwambia avae.

Dada alipiga. Mwalimu amekuja kupima mapazia. Kupima mapazia! Nikamwambia amfukuze, Jumatatu mambo yanakwisha. Akauliza kama nakumbuka swichi ya taa ya chumba cha baba iko upande gani. Nikasema kulia. Akasema ni kushoto, mdogo wangu, imekuwa kushoto siku zote. Hilo limenikera kuliko jambo la mwavuli.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Muuguzi alifika kwa wakati, viatu vyeupe, daftari mkononi. Kinyozi alikuwa tayari, tai nyekundu, anazunguka gari kama fahali. Alipaza sauti kwamba gari hili haliachi, hata akipewa ufalme. Alitenda vizuri mno! Nikamkonyeza muuguzi: unaona?

Muuguzi akafunga daftari. Akasema kwa upole kwamba kama kaka huyu katangulia basi ni haki yake, yeye hapendi kumpokonya mtu. Akatutakia heri. Akaanza kuondoka.

Adabu! Katika mahesabu yangu yote sikuweka adabu.

Nikamwita. Kinyozi naye, kwa kuona mambo yanaharibika, akajitosa: akaingia ndani ya gari amwonyeshe linavyokwenda. Akatia rivasi. Rivasi haikupenda. Bibie akaenda mbele, taratibu, kwa heshima zote, akaegemea mapipa ya taka. Kinyozi akajaribu kutoka kwa mlango wa nyuma wa kushoto kama vile amesahau ameketi wapi. Huo nao, kwa ndani, haukufunguka mpaka nilipomsaidia.

Muuguzi alisimama mbele yangu akaniuliza, kama anavyouliza wagonjwa: Mzee, ana nini hasa?

Sijui nini kilinipata. Nikamwambia yote. Mlango. Rejeta. Rivasi. Na kwamba kinyozi hana hata leseni ya kuendesha. Muuguzi aliandika kila kitu, akauliza imeanza lini na inazidi saa ngapi. Kisha akatabasamu. Kaka yake ni fundi wa gia. Yeye mwenyewe ameshaangalia magari saba, na yote, kwa maneno ya wenyewe, hayakuwa na tatizo. Mimi ndiye wa kwanza kumpa historia ya mgonjwa.

Anamchukua keshokutwa!

Jirani amesema kutoka dirishani, si nilikuambia. Nimemjibu kwamba bila tai nyekundu ukweli ule usingetoka. Yaani mpango ulifaulu. Ndivyo ulivyo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ameuzwa! Nimeuza! Kadi ya gari nimeikabidhi kwa mikono miwili.

Nilipomwondolea vitu vyangu nikakuta, kwenye kabati la dashibodi, ramani ya mji wetu niliyoichora kwa penseli mwaka wa tatu wa kuwa huku, nisije nikasahau, na kuihamisha kutoka gari hadi gari. Mtaa ulio nyuma ya shule nimeuandikia alama ya kuuliza. Kumbe hata mwaka ule nilikuwa nimeshaanza. Kisima nimekichora kikubwa kuliko shule.

Kaka wa muuguzi aliondoka na Bibie. Alitia rivasi mara moja, ikaingia! Msaliti yule.

Kesho, tiketi!

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Furaha tele! Acha nieleze kwa utaratibu.

Saa tatu nilikuwa kwenye foleni ya tiketi, suti ya kijivu, ramani mfukoni. Binti wa dirishani aliuliza, ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi? Nikasema ya kurudi. Akasema, kwenda na kurudi, sawa. Nikasema hapana binti, kurudi tu. Akaeleza, kwa subira, kwamba babu hawezi kurudi bila kwenda kwanza. Nikamwambia huko ndiko ninakorudi. Akauliza, na huku je? Miaka thelathini na moja nasahihisha sarufi za watu, na sikujua neno lile linaelekea upande gani. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikatoka nje kidogo nipate hewa.

Ng'ambo ya barabara, basi dogo. Rangi ya machungwa! Viti kumi na viwili! Kadi kwenye kioo: “Linauzwa.” Mwenyewe ni dereva mstaafu mwenye macho ya ukweli mtupu. Aliapa halina tatizo, betri tu imechoka. Sikulijaribu, haikuwezekana, betri imechoka. Lakini nani ana uzoefu wangu sasa? Nitaliuza wiki ijayo kwa faida, nisafiri daraja la kwanza. Tangazo nimeshalianza. Kinyozi namvalisha kofia.

Nimelinunua!

Jioni nilimpigia dada. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alisema mwalimu amehamia tangu Jumapili, mapazia yanapendeza. Nikamuuliza mbona hakuningoja hadi mwisho wa mwezi. Akasema hili ni gari la nne ninaloliuza ili nirudi, na kila mara narudi na gari. Nikamsahihisha: la tatu. Lile la kwanza liliibwa. Akacheka sana, kile kicheko chake cha zamani, mpaka nami nikacheka. Akaniuliza la sasa lina rangi gani. Nikamweleza. Akasema, hongera, mdogo wangu.

Basi limevutwa kwa kamba hadi chini ya dirisha langu, linang'aa. Jirani ameuliza mara mbili kama nimeangalia injini. Injini nitaiangalia kesho, asubuhi na mapema, jua likiwa upande wake.

Dada alijua kabla yangu. Sitarudi.