Vumbi la Chingamu

Inatangazwa kwa wananchi wote wa jimbo letu, wenye kadi na wasio nazo, kwamba sahihi yoyote ya mchezaji wa hoki iliyotiwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita haijatiwa mpaka Serikali iseme imetiwa.

Tangazo hilo niliandika mimi, Delbert Ostrander, Mkurugenzi Msaidizi wa Wakala wa Uhakiki wa Sahihi Kongwe za Hoki, makao makuu Dunmarrow, juu ya uwanja wa barafu, mkabala na mashine ya kahawa. Sisemi kwa kujisifu. Wapo wanaodai Kanada ina matatizo makubwa kuliko kadi za hoki. Watu hao ukiwaambia wataje moja, wanaanza habari za hospitali na barabara, kisha jioni unawakuta uwanjani wanapiga kelele kama wenzao.

Kabla ya Wakala hali ilikuwa mbaya. Kila bibi alikuwa na boksi la viatu chini ya kitanda, na ndani yake kadi za wajomba, zile za picha za wachezaji zilizokuwa zikiuzwa zamani pamoja na chingamu, zimetiwa sahihi na nani hakuna ajuaye. Watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio wa pikipiki. Ndipo Mheshimiwa Garnet Trowell, Waziri wetu wa Urithi na Barafu, aliposimama bungeni akasema imetosha. Aliinua kadi yake mwenyewe ya golikipa Metro Pidhorny, aliyotiliwa sahihi akiwa na miaka saba, mlangoni pa uwanja huu huu, akatoa machozi. Machozi yale ndiyo yaliyotupa bajeti.

Tulianza na Pidhorny kwa kuwa yeye peke yake alijibu barua zote za mashabiki. Sahihi yake moja imo ndani ya kabati la kioo ofisini kwangu, inaitwa Sampuli Namba Moja, na imetajwa ndani ya sheria. Uhakiki una hatua kumi na moja. Zilizo kubwa ni mbili: mkono wa mwandishi ufanane na Sampuli, na ndani ya wino pawe na vumbi jeupe la chingamu. Vumbi hilo tuliligundua sisi. Kadi za Pidhorny elfu nne na ushee zimeshapata vyeti, na ya Waziri ilipata Daraja la Dhahabu kwa sababu vumbi lake lilikuwa nene kuliko yote.

Zinazofeli huingia kwenye mashine ya kukatakata karatasi kila Ijumaa saa kumi kamili. Siku ya uzinduzi Waziri aliitia mashine utepe wenyewe, ukakatwa vipande. "Sheria ni msumeno," akasema, na sisi tukapiga makofi.

Ijumaa moja ya Machi, saa nane mchana, aliingia mzee mrefu mwenye pua iliyovunjika pande mbili, nyuma yake mkewe na mkoba mkubwa. Mzee aliweka kofia yake mezani kwangu, juu ya majalada.

"Nimefuata kadi ya kaka yangu," alisema. "Wasyl. Kafa Jumatatu. Watu wa nyumba ya wazee wameikuta kwenye pochi yake, wakawaletea nyie."

"Walifanya vyema, ndivyo sheria inavyotaka. Pole sana, mzee. Namba ya jalada?"

"Sina namba. Nina maiti. Kesho tunazika, na kadi hiyo iende naye mfukoni."

Nilitafuta jalada, nikalipata upesi kwa sababu lilikuwa na alama nyekundu. "Bahati mbaya imefeli," nikamweleza. "Haina vumbi hata chembe, na herufi zimekaa kama zimechongwa kwa shoka. Imepangiwa saa kumi leo."

"Imepangiwa nini?"

Nikamwonyesha mashine.

"Kijana, sahihi hiyo niliitia mimi."

"Wewe ni nani?"

"Metro Pidhorny."

Nakiri kwamba nilisimama. Kisha nikakaa, maana hakuna kanuni inayomtaka ofisa asimame. Nilikagua leseni yake ya udereva, nikaona ni yeye kweli. Hatukuwahi kujua yu hai; fomu haina kisanduku cha swali hilo.

"Mzee, sikatai kwamba wewe ni Pidhorny," nikasema. "Ninachokataa ni kwamba sahihi hii ni yako."

"Nimekwambia niliandika mwenyewe!"

"Hilo ni dai la mhusika, na mhusika ana maslahi. Lakini sisi si wakatili. Tia sahihi hapa mara tatu."

Alishika kalamu kwa ngumi, ulimi nje, akaandika. Nilimletea Sampuli nikalinganisha kwa lenzi. Alifeli zote tatu. Nikamweleza kwa upole kwamba amejiiga vibaya.

"Sikiliza," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa chini. "Baba alisema mmoja wetu abaki shambani, ngano haijivuni yenyewe. Wasyl alikuwa kipa bora kuliko mimi. Akanivua viatu vyangu vya shamba, akanivalisha pedi zake za miguu, akasema nenda wewe. Kadi yangu ya kwanza ilipotoka nikakaa chini, nikaandika jina langu taratibu, nikamtumia. Kaishi nayo miaka sitini. Ni kumbukumbu ile, si karatasi. Na ndiyo peke yake niliyowahi kuandika."

"Kumbukumbu haina fomu," nikamjibu. Halafu maneno yake ya mwisho yakanifikia. "Peke yake? Mzee, tuna elfu nne hapa!"

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Mwambie, Stefka."

"Mwambie mwenyewe. Aibu ni yako."

"Aibu yangu, mkono wako!"

Mkewe, Bibi Stefania, alishusha pumzi, akaweka mkoba chini. "Haya, mwanangu. Huyu shule kaacha darasa la nne. Mpaka amalize kuandika jina lake, viazi vimeiva. Na barua zilikuja kwa magunia! Watoto wa watu wanangoja, mimi nifanyeje? Nikawa natia sahihi mimi, jikoni, huku nasukuma pirohi, madonge yetu ya unga ya kujaza viazi. Donge moja, kadi moja." Akasogea kwenye kabati, akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Huu hapa mkono wangu. Na hiyo nyeupe mnayoisifu ni unga wa ngano."

Mtu mwingine angefadhaika. Mimi niliitisha kikao cha dharura cha Kamati ya Ufundi, ambayo ni mimi na Doreen wa masjala. Hoja ilikuwa nyepesi. Sampuli imo ndani ya sheria, na sheria haikosei. Kwa hiyo aliyeiandika Sampuli ndiye Metro Pidhorny kwa madhumuni yote ya kiserikali. Nilitoka nikampa Bibi Stefania mkono, nikampongeza kwa misimu yake kumi na miwili golini.

"Na mie je?" mzee akauliza.

"Wewe kwa sasa huna nafasi."

"Ana nafasi jikoni," alisema mkewe. "Leo pirohi anasukuma yeye."

Doreen, ambaye hasomi sana lakini husoma mpaka mwisho, akaninong'oneza Kifungu cha Tisa: mtia sahihi akiwa hai, neno lake linashinda hatua zote kumi na moja. Tulikiweka kupamba, tukijua wote wamekufa. Nikamsogezea Bibi Stefania kadi ya Wasyl. Hakuitazama sana.

"Hii ni ya kweli kuliko zote mlizonazo," alisema. "Mpe mwenyewe."

Nikagonga muhuri. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akageukia dirishani, na mabega yake yakatikisika. Nilijifanya natafuta kibanio.

Saa kumi kasoro dakika tano akaingia Waziri na mpiga picha wa gazeti, maana kila Ijumaa huja kubonyeza kitufe. Safari hii alikuja na kadi yake pia. Doreen alikuwa ameshampigia simu kwamba Pidhorny yupo.

"Mzee Pidhorny!" alipaza sauti, mikono wazi. "Unanikumbuka? Mlangoni hapo chini, nina miaka saba, pua imeganda!"

"Mlangoni?" mzee akasema. "Mie mlangoni nilikuwa nawakimbia nyie."

"Mheshimiwa," nikaingilia, "kwa taarifa yako, Pidhorny ni huyu mama."

Bibi Stefania alikwisha kuichukua kadi. Aliiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya wino, akakilamba. Akatafuna kidogo hewani.

"Hii sukari ya donati, mwanangu," akamwambia Waziri kwa huruma. "Na mkono si wangu. Metro?"

"Wala wangu."

Mpiga picha alipiga. Waziri akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Ostrander, mambo gani haya ya kitoto! Hii ni kumbukumbu, si karatasi!"

"Kumbukumbu haina fomu, Mheshimiwa."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Bibi Stefania, akavaa glavu zake.

Ilikuwa saa kumi kamili. Kwa kuwa Waziri alisita, kitufe nilibonyeza mimi. Mashine ilikula kadi ya Daraja la Dhahabu mpaka mwisho, ikatoa sukari kidogo pembeni. Waziri aliomba angalau vipande, nikampa fomu ya kuombea vipande. Majibu ni baada ya miezi tisa.

Jumamosi nilikwenda mazikoni, kikazi, kushuhudia kadi ikishuka ardhini. Ilikuwa katika mfuko wa kushoto wa koti la Wasyl, jina limetokeza kwa juu. Ile sahihi ya shoka niliitazama tena, bila lenzi, nikaona haya. Baadaye kwenye ukumbi wa kanisa nilikula pirohi saba alizosukuma mzee. Zilikuwa nene mno, nikazimaliza.

Jumatatu ilinifikia barua ya Waziri ya kunifukuza kazi. Niliipitisha kwenye utaratibu, kama inavyopasa. Sahihi yake haikufanana na ile iliyo chini ya sheria inayotuunda: moja ni yake na nyingine ni ya katibu wake, ila ipi ni ipi hata katibu hakumbuki. Kamati ya Ufundi ilikaa dakika sita. Tukaona kwamba kama sheria ni feki basi hakuna Wakala wala kazi ya kunifukuza, na kama barua ni feki basi sijafukuzwa. Kwa kumheshimu Mheshimiwa tuliamua kwamba sheria ni ya kweli.

Barua yake ikaingia kwenye mashine Ijumaa, saa kumi kamili.